Neno na Msimu Wake: Nafasi ya Kiswahili katika Ushauri wa Kilimo na Afya Vijijini

Utangulizi

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Darasani methali hii hufafanuliwa kwa maana yake ya ndani, kwamba kila jambo hutanguliwa na ishara. Kwa mkulima wa Makueni au Kitui, hata hivyo, maana ya nje ndiyo yenye uzito. Mawingu yanapotanda mwezi wa Oktoba, yeye ana siku chache tu za kuamua iwapo atatia mbegu ardhini au atangoja. Akikosea, jamaa yake yote italila kosa hilo hadi msimu mwingine.

Makala haya yanaangazia ushauri wa msimu unaohusu kilimo, bustani na afya katika jamii za vijijini nchini Kenya, na nafasi ya lugha ya Kiswahili katika kuufikisha ushauri huo. Hoja inayotetewa ni kwamba ushauri wa aina hii hufaa pale tu unapomfikia mlengwa kabla ya wakati wa kutenda, tena kwa maneno anayoweza kuyatenda. Maarifa yenyewe si haba. Yamo katika vituo vya utafiti, katika ofisi za ugani na katika vichwa vya wazee. Kinachokosekana mara nyingi ni sentensi iliyo wazi. Upungufu huo si wa kupuuzwa, kwani, kama itakavyobainika katika sehemu ya mavuno, umewahi kuwamo miongoni mwa mambo yanayoamua nani aishi na nani afe.

Majina ya Misimu kama Ushauri

Jina la msimu katika lugha za Afrika Mashariki si tarehe tu, bali ni muhtasari wa kazi. Waswahili wa pwani waliugawa mwaka kwa pepo na mvua: kaskazi inayovuma kati ya Desemba na Machi, masika ya kuanzia mwishoni mwa Machi, kusi inayoshika baada ya hapo, kipupwe cha katikati ya mwaka, kisha vuli. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua unapopita, haungeweza kumwongoza mkulima. Kwa sababu hiyo, wakulima na mabaharia walishika pia mwaka wa jua ulioanza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, wakahesabu siku zake kwa miongo ya siku kumikumi. Aliyejua mwongo alijua kazi.

Jamii za bara nazo zilifanya vivyo hivyo. Wakikuyu huita mvua za mwanzo wa mwaka mbura ya njahi, na zile za mwisho wa mwaka mbura ya mwere. Njahi ni jamii ya kunde yenye mbegu nyeusi, na mwere ni mawele. Jina la msimu, kwa hivyo, linamtajia mkulima kitu cha kupanda.

Linganisha majina hayo na istilahi zilizoenea katika vyombo vya habari na hata katika vitabu vya shule nchini: mvua ndefu na mvua fupi. Haya ni matokeo ya tafsiri sisisi kutoka Kiingereza, ilhali Kiswahili kina masika na vuli tangu jadi. Tatizo lake si la usanifu pekee. Katika maeneo ya Ukambani, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, na zile za Machi hadi Mei ndizo zenye kubahatisha. Anayeambiwa kwamba inayokuja ni mvua fupi aweza kudhani kwamba ni ya kupuuzwa, kumbe ndiyo iliyobeba chakula chake cha mwaka. Neno vuli halina udanganyifu huo.

Kabla ya Mvua: Maandalizi

Kazi ya msimu huanza wakati wa ukavu. Mkulima anayetarajia masika hufyeka na kulima Januari na Februari; anayetarajia vuli hulima Agosti na Septemba. Mbegu za kupanda mvua ya kwanza zinapaswa kuwa nyumbani kabla ya wingu la kwanza, kwa sababu bei hupanda na bidhaa hughushiwa watu wanapogombania dukani. Huu pia ndio wakati wa kupima udongo. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya udongo una asidi nyingi, na mbolea inayowekwa bila chokaa ya shambani hupotea bure.

Uchaguzi wa zao nao hufuata mahali. Nyanda za juu za Bonde la Ufa huweza kulea mahindi yanayochukua miezi sita au zaidi. Nyanda kavu huhitaji mazao yanayokomaa upesi: mahindi ya aina ya Katumani, mtama, kunde, mbaazi na pojo. Hapa lugha inajitokeza tena. Pojo ya pwani ndiyo choroko ya Tanzania, na ndiyo ndengu ya sokoni Wote na Nairobi. Kijikaratasi cha ushauri kinachotumia jina moja pekee huwaacha wasomaji wengine nje ya mlango.

Hali kadhalika, ukavu ndio msimu wa kutengeneza makinga maji, na katika uwanja huu Kiswahili kimeukopesha ulimwengu. Wataalamu wa udongo wa nchi nyingi hutumia istilahi fanya juu kwa aina ya tuta lililopata umaarufu Machakos. Mtaro huchimbwa kwa kufuata usawa wa mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu ili udongo unaochukuliwa na maji ukwame hapo, hata shamba ligeuke ngazi polepole. Udongo ukitupwa upande wa chini, tuta huitwa fanya chini. Vilevile, upandaji wa nyasi za mifugo katika mashimo makubwa yenye samadi hujulikana kama tumbukiza. Istilahi hizi tatu zina sifa moja: ni vitenzi vya kuamrisha. Anayelijua jina amekwisha kuambiwa afanye nini.

Maji ya kunywa yasisahauliwe. Mifereji ya paa husafishwa na kuzibwa nyufa kabla ya mvua, na tangi huoshwa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 5 kwa 8 ina mita 40 za mraba, kwa hivyo mvua ya milimita 10 huleta takriban lita 400, ukitoa kiasi kidogo kinachomwagika. Mama anayetembea kilomita kadhaa kwa mtungi wa lita 20 amepunguziwa safari zisizopungua kumi na tano kwa manyunyu ya usiku mmoja. Maji ya mvua ya kwanza, hata hivyo, huachwa yamwagike, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Wakati wa Mvua: Shamba na Mwili

Mvua ya kwanza yaweza kuwa ya kudanganya. Huloweka vumbi, huotesha mbegu, kisha hukatika wiki mbili. Njia ya kuipima ni kuchimba: udongo ukiwa umelowa kina cha shubiri moja, kupanda kuna matumaini. Wakulima wengi wa nyanda kavu hupanda kavu, yaani hutia mbegu kabla ya mvua ili wasipoteze hata siku moja. Hao hufukia mbegu chini kidogo kuliko kawaida, ili zisiamshwe na manyunyu hafifu. Mahindi yapandwapo kwa mistari, nafasi ya sentimita 75 baina ya mistari na 25 hadi 30 baina ya mashimo huipa miche mwanga na chakula cha kutosha.

Mmea ukichomoza, jicho la mkulima lisibanduke shambani. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa kuingia Kenya mwaka 2017, hutaga mayai juu ya majani, na viwavi wake hujificha ndani ya moyo wa mhindi, mahali ambapo dawa haiwafikii kwa urahisi. Anayekagua shamba mara mbili kwa wiki katika majuma ya mwanzo huweza kuponda mayai kwa vidole. Anayengoja majani yatoboke kote amekwisha kuchelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mvua iotesheayo mahindi ndiyo huzalisha mbu. Katika nyanda za juu za magharibi, kama vile Kisii na Nandi, malaria hupanda baada ya mvua na joto, na wakazi wake wana kinga ndogo ya mwili kuliko watu wa kando ya Ziwa Viktoria wanaoumwa na mbu mwaka mzima. Ushauri wa msimu huu ni kuangalia vyandarua kabla ya mvua na kushona matundu, kumwaga maji yaliyotuama karibu na nyumba, na kumpeleka mgonjwa wa homa kupimwa siku ile ile badala ya kununua tembe dukani kwa kubahatisha. Mtoto mchanga na mama mjamzito hawapaswi kungojwa hadi kesho.

Maji ya mafuriko huingia vyooni kisha visimani, na kipindupindu hufuata. Maji ya kunywa hayana budi kuchemshwa mpaka yatokote, kisha yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko. Mtoto anayehara hupewa maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya pamoja na tembe za zinki, na haachishwi kunyonya wala kula.

Mvua zinapozidi mno, kama ilivyotukia wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, na tena mwishoni mwa 2006 hadi 2007, wafugaji hukabiliwa na homa ya Bonde la Ufa, iliyowaua watu na mifugo, hususan katika eneo la Kaskazini Mashariki. Dalili yake kuu zizini ni mimba kuharibika kwa wingi na wana-kondoo kufa. Katika hali hiyo mnyama mgonjwa hachinjwi, nyama yake hailiwi, maziwa hayanywewi mabichi, na mimba iliyotoka haishikwi kwa mikono mitupu. Mfugaji aliyezoea kuokoa nyama ya mnyama anayekaribia kufa huona ushauri huu kama hasara juu ya hasara. Hapana budi aelezwe sababu, wala asiamrishwe tu.

Bustani ya Jikoni na Miezi ya Baridi

Kati ya Juni na Agosti baridi hushika katika nyanda za juu. Mboga huwa ghali sokoni kadiri ukavu unavyosogea, na hapo ndipo bustani ya jikoni huonyesha thamani yake. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne tangu kupandwa. Mnavu, mgagani, mlenda na majani ya kunde huvumilia udongo hafifu kuliko kabeji. Gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye matundu ubavuni na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, hulisha jamaa kwa sukuma wiki mahali pasipo shamba.

Mboga hizi za kienyeji zina madini ya chuma na viini vya vitamini A kwa wingi, na mafuta kidogo wakati wa kupika huusaidia mwili kuifyonza vitamini hiyo. Kwa muda mrefu zilidharauliwa zikaitwa chakula cha maskini. Vijana wengi sasa huzijua kwa majina ya lugha zao za kwanza au kwa majina ya sokoni, kama vile managu, terere na saga, bila kufahamu kwamba Kiswahili kina mnavu, mchicha na mgagani. Majina yote yanafaa kutajwa pamoja, kwani lengo la ushauri ni mboga ifike chunguni, wala si kamusi ishinde soko.

Baridi pia huleta nimonia kwa watoto. Mtoto anayepumua kwa kasi, au ambaye kifua chake hubonyea ndani anapovuta pumzi, hupelekwa hospitalini bila kukawia. Jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa madirisha. Makaa yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mavuno na Ghala: Funzo la Sumukuvu

Kati ya hatua zote za mwaka, hakuna inayobeba hatari iliyofichika kama ile iliyo baina ya shamba na ghala. Mwaka 2004, wilaya za Makueni na Kitui, ambazo sasa ni kaunti, pamoja na maeneo jirani, zilikumbwa na maradhi ya ini. Wagonjwa walikuwa na macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji. Kufikia Julai 20 mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wameripotiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Chanzo kilikuwa mahindi yao wenyewe. Yalikuwa yamevunwa Februari, wakati mvua zisizotarajiwa zilipokuwa zikinyesha, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizopimwa zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Halikuwa jambo geni kabisa: mwaka 1981, katika eneo la Machakos, watu 12 kati ya wagonjwa 20 walikuwa wamekufa vivyo hivyo.

Sumu hiyo kitaalamu huitwa aflatoksini. Jina hilo limeundwa kutokana na jina la kisayansi la kuvu anayeitoa, lakini halimwambii mkulima lolote. Neno sumukuvu, lililoenea katika Kiswahili cha kilimo, ni la namna nyingine. Ni mwambatano wa nomino mbili, sumu na kuvu, kwa utaratibu ule ule uliozaa batamzinga, mbwamwitu na kiwavijeshi. Asiyewahi kulisikia hulielewa mara ya kwanza. Kwa hakika, huu ni mfano mzuri wa istilahi inayojieleza.

Hata hivyo, neno zuri lina mpaka wake. Anayesikia sumukuvu huweza kudhani kwamba pasipo kuvu inayoonekana hapana sumu, na kwamba kuvu ikipanguswa sumu imeondoka. Dhana zote mbili ni za hatari. Sumu hii haina rangi, ladha wala harufu inayoweza kutambuliwa na mlaji. Hubaki ndani ya punje hata baada ya kuvu kukauka. Na kuchemsha ugali au githeri hakuimalizi. Mahindi yaliyooza yakipewa ng'ombe, sehemu ya sumu hupita katika maziwa. Yakitumiwa kutengeneza pombe, mnywaji hupokea sehemu yake. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hajisikii mgonjwa, lakini ini lake huwa katika hatari ya saratani, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Kwa hiyo neno sumukuvu halina budi kufuatwa na sentensi: haionekani, haitoki kwa moto, na kinga yake ni ukavu.

Ukavu nao unahitaji kuelezwa. Ushauri wa kausha vizuri umerudiwa miaka mingi, lakini vizuri si kipimo. Mkulima anahitaji vitendo vifuatavyo, kila kimoja kikiwa na ishara yake.

Kwanza, avune kwa wakati. Punje iliyokomaa huwa na alama nyeusi kwenye kitako chake, pale iliposhikana na gunzi. Mahindi yaliyokomaa yakiachwa shambani hadi mvua iyakute, kuvu hupata nafasi.

Pili, aanike juu ya turubai au jukwaa, si juu ya udongo mtupu, kwa kuwa kuvu wa sumu hii huishi udongoni. Jioni au mvua inapotishia, afunike.

Tatu, achambue. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zenye rangi ngeni huondolewa kabla ya kuweka akiba. Punje hizo zisipewe kuku wala zisiuzwe kwa mgema.

Nne, apime ukavu. Kiwango kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kifaa huweza kutumia chupa kavu ya kioo yenye mfuniko. Hutia mahindi hadi theluthi ya chupa, huongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, hutikisa kwa dakika mbili, kisha huiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yarudi juani. Chumvi isipogandamana, yamekaribia kuwekeka, na siku moja zaidi ya jua haitayadhuru.

Tano, ahifadhi ipasavyo. Hapa ndipo ushauri wenyewe umewahi kujipinga masikioni mwa wakulima. Kwa miaka mingi waliambiwa waweke nafaka mahali penye hewa. Siku hizi wanaambiwa watumie magunia yasiyopitisha hewa. Mkanganyiko huondoka sababu ikitajwa. Mahindi yaliyo bado katika magunzi na yenye unyevu huhitaji ghala lenye upenyo ili upepo umalizie kukausha. Mahindi yaliyopukuchuliwa na kukauka kabisa hufungiwa pasipo hewa ili wadudu wafe kwa kukosa pumzi, akiwemo dumuzi, ambaye nchini Kenya alionekana kwanza Taveta mwaka 1983. Anayefungia mahindi mabichi katika gunia hilo huwa amekuza kuvu kwa fedha zake mwenyewe.

Ipo kinga nyingine inayoanzia shambani. Kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, kinahusika katika utengenezaji wa bidhaa iitwayo Aflasafe KE01, ambayo ni kuvu wa jamii ile ile asiyetoa sumu. Kilo 4 kwa ekari hutawanywa wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, na kuvu huyo huchukua nafasi ya yule wa sumu. Mshauri atakayesema tu kwamba mkulima anyunyizie kuvu shambani atakimbiwa. Atakayesema ni dawa atakuwa amedanganya. Namna ya kulisema jambo hili kwa ukweli na kwa kueleweka ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la kilimo.

Dhima ya Wanafunzi na Wahadhiri wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tangu 2013 huduma za ugani zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Pamoja na hayo, miongozo mingi ya kilimo na afya huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa kwa haraka. Utabiri wa msimu, mathalani, hueleza kwamba mvua inatarajiwa kuwa juu au chini ya wastani. Mkulima asiyejua wastani wa kijiji chake ni kiasi gani hana la kufanya na habari hiyo. Aambiwapo kwamba mvua yaelekea kukatika mapema, na kwamba pojo na mtama vina nafasi kubwa kuliko mahindi, ana la kuamua.

Kutokana na mifano iliyotangulia, kanuni nne za uandishi wa ushauri wa msimu zinaweza kupendekezwa. Kwanza, kitenzi kitangulie, kama katika fanya juu na tumbukiza. Pili, kila agizo liwe na kipimo kinachopatikana nyumbani: shubiri, chupa, kijiko, siku. Tatu, sababu itajwe, hasa agizo jipya linapopingana na la zamani. Nne, majina ya mahali yaheshimiwe, na jina sanifu liandamane na jina la sokoni.

Kazi hii inawaelekea wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Wengi wao hutoka vijijini na hurudi huko wakati wa likizo, mara nyingi katika miezi ile ile ya kupanda, kupalilia au kuvuna. Somo la isimujamii, la tafsiri au la istilahi laweza kupata data katika ghala la mama kuliko katika kitabu kilichonukuliwa mara mia. Anayeorodhesha majina ya mboga, ya wadudu na ya hatua za kukausha nafaka katika kata yake, akayalinganisha na majina sanifu, amekusanya malighafi ya mwongozo utakaosomeka. Wahadhiri nao wana nafasi ya kuyapokea mambo haya kama tasnifu, badala ya kuyahesabu kuwa mali ya kitivo cha kilimo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwaka wa kijijini ni mfululizo wa maamuzi, kila moja na wakati wake: kuandaa kabla ya mvua, kupanda udongo ukilowa, kukagua, kujikinga na maradhi ya maji na mbu, kulea bustani, kuvuna, kukausha na kuhifadhi. Imebainika pia kwamba neno linaweza kuongoza kama vuli, kupotosha kama mvua fupi, au kuanza vyema na kuhitaji kukamilishwa kama sumukuvu. Waliokufa mwaka 2004 walikuwa wakulima waliojua kulima. Mahindi waliyoyala waliyaotesha kwa mikono yao, na hapakuwa na kitu machoni pao wala ulimini kilichowatahadharisha. Tahadhari ya namna hiyo haiwezi kuletwa ila na lugha. Februari hurudi kila mwaka, na mahindi huletwa nyumbani kila mwaka. Sentensi ile iwe imefika kabla yake.